Kiberiti cha Mama Mapacha

Nilimwonea mwanamke wivu kwa sababu ya sabuni. Najua inavyosikika. Wenzangu niliosoma nao wakinisikia watacheka, maana wao wakiona wivu ni wa gauni, au wa mwanamume, au wa mtu aliyepata kazi ya ualimu. Wangu ulianzia kwenye kipande cha sabuni ya mche kilichokuwa juu ya paa la jirani, kimekauka, kimekuwa kigumu kama mfupa, kinamngoja mwenyewe. Changu kilikuwa ndani ya kopo, kimelala kwenye maji, kimekuwa uji.

Mwanangu ameanza shule mwaka huu, yaani haya si mambo ya jana. Na bado nikifika mahali pa kiberiti napandisha sauti. Kwa hiyo mtu asitegemee kwamba nitafika mwisho wa hadithi hii nikiwa nimepoa.

Tulikaa landhi za reli, nyumba za wafanyakazi, hapa Nakuru. Vyumba vimepangwa mstari mmoja, mlango kwa mlango, familia moja chumba kimoja, na kuta nyembamba hata ukikohoa jirani anakuambia pole. Mbele ya kila mlango palikuwa na kibaraza cha saruji, na hapo ndipo tulipopikia. Wakati wa kiangazi ziwa linakauka na upepo unaleta vumbi jeupe la magadi. Linaingia kwenye nguo ulizoanika, kwenye unga, kwenye nywele za mtoto. Umefua leo, kesho unafua tena. Ndiyo maana sabuni haikuwa kitu kidogo.

Mume wangu kazi yake ilikuwa kugeuza njia za treni pale stesheni. Wanaume wengi wa landhi walikuwa wamewaacha wake zao nyumbani, huko magharibi, wanalima. Wao waliishi watatu watatu kwa chumba na kupika ugali kwa zamu. Mke mjini ni gharama: anakula, anafua, anawasha taa. Mimi mume wangu alinileta na mtoto wa miezi minne mgongoni, na siku ile ile, kabla sijafungua hata kikapu, akanipa masharti.

"Tutajaribu," akasema. "Mpaka mvua ya kupanda. Mji ukitushinda, utarudi kwa mama ukalime."

Na kunirudisha hakungemgharimu kitu. Reli iliwapa wafanyakazi wake pasi ya kusafirisha familia bure. Yeye aliichukua mapema, karatasi ngumu yenye muhuri, mahali pa tarehe pameachwa wazi, akaiweka ndani ya Biblia. Kila Jumapili nikifungua Biblia nilikutana na hiyo pasi kabla ya kukutana na neno la Mungu.

Kwa mama mkwe nilikuwa nimeshakaa. Niliolewa nikitoka shule, kidato cha pili, tumbo ndilo lililonitoa darasani, na sioni sababu ya kulificha. Mama mkwe aliniambia mbele ya wageni kwamba msichana aliyepitishwa sekondari ana tundu kiganjani, kila anachoshika kinavuja. Sikutaka kurudi huko. Jembe naliweza. Ila nilijua mambo yanavyokwenda: mke anarudi nyumbani, mume anabaki mjini, na mume akibaki mjini lazima kuna mtu anampikia. Na mimi nilijua ni nani angempikia.

Mlango uliofuata wetu ulikuwa wa mwanamke tuliyemwita Mama Mapacha, maana alikuwa na mapacha wa kiume wa miaka mitano. Mume wake alikuwa kwenye genge la kurekebisha reli huko Longonot, anarudi Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili. Huyo bwana na mume wangu walikuwa wa ukoo mmoja, yeye akiwa mkubwa. Kwa hiyo mume wangu alimwita Mama Mapacha shemeji, na Mama Mapacha, kwa desturi ya kwetu, aliniita mimi mke mwenza. Wake wa ukoo mmoja huitana hivyo. Ni utani na ni heshima, na hakuna anayekasirika.

Mimi nilikasirika. Kila alfajiri, kupitia ukutani: "Mke mwenza! Umeamka?" Nilisikia kama mtu ananisomea hati ya ndoa.

Hakuwa amekaa darasani hata siku moja. Jina lake lenyewe alikuwa hajui kuliandika. Lakini kwa kubana matumizi sijaona mfano wake. Sabuni aliikata kwa uzi wa katani, kwa sababu kisu hutoa makombo. Vipande akavipandisha juu ya paa vikauke majuma mawili, ndipo aguse cha kwanza. Majani ya chai aliyachemsha mara mbili, kisha akayamwaga kwenye kunde zake. Kunde hizo na maboga alivipanda kando ya mtaro wa bomba la maji, mahali ambapo sisi wengine tuliona matope tu. Jioni wakimaliza kula alizima koroboi, wakaendelea kuzungumza gizani, na ukimuuliza, anakuambia, "Kwani maneno yanaonekana?" Kaptula za mapacha alizishona kwa gunia la unga la kitambaa, na maandishi ya kiwanda yalikuwa hayajatoka. Pacha mmoja alikuwa na nusu ya neno matakoni, mwingine nusu iliyobaki. Wakitaka kusomeka lazima wasimame pamoja.

Ningeweza kuyavumilia hayo yote. Ila kulikuwa na kiberiti.

Jumamosi moja waume zetu wawili walikuwa wamekaa kibarazani kwa Mama Mapacha, mimi nachambua mboga kwangu, hatua nne kutoka kwao. Mume wa Mama Mapacha akatoa sigara, akamwita mkewe alete moto. Mke akaleta kaa la moto kwa koleo.

"Huyu," mume wake akasema, "kiberiti nilichonunua Krismasi bado kipo."

"Krismasi hii iliyopita?" mume wangu akauliza.

"Muulize mwenyewe."

"Kipo, shemeji," Mama Mapacha akasema. "Kiberiti ni cha shida. Kama huna shida unawasha cha nini?"

Mume wangu akanitazama. "Kwetu viberiti vinaliwa."

"Labda memsaabu anavikaanga," yule bwana akasema, wakacheka wote watatu. Mama Mapacha alicheka kwa pua, bila kufungua mdomo, kama kwamba hata kicheko alikuwa anakiwekea akiba.

Memsaabu, bibi wa Kizungu, ndilo jina nililopewa pale landhi, kwa sababu ya kusoma. Shuleni tulikuwa na somo la mambo ya nyumbani. Tulifundishwa kuoka keki ya mayai sita, kutandika meza ya watu wanane, na kuondoa doa la divai kwenye kitambaa cheupe. Hakuna aliyetufundisha kuishi na mche mmoja wa sabuni mwezi mzima. Basi nikaamua kujifunza kwa kumwibia jirani. Nikakata sabuni yangu kwa uzi, nikaipanga juu ya paa, nikashuka nikijisifu. Sikuwa nimemaliza kumfunga mtoto mgongoni nikasikia kucha kwenye mabati. Kunguru. Alichukua kipande cha kwanza, akarudi na mwenzake wakachukua viwili, na landhi nzima ikatoka nje kunitazama nikirusha kandambili angani.

"Mke mwenza, hukufunika?" Mama Mapacha akaniuliza. "Kunguru anapenda sabuni kuliko nyama. Mimi nafunika kwa kapu, juu naweka jiwe."

Kumbe kulikuwa na kapu. Lilikuwa la matundu makubwa, na kutoka chini nilikuwa siliangalii, naangalia sabuni iliyo ndani tu.

Nikajaribu kupasua njiti za kiberiti kwa wembe, moja iwe mbili, kama nilivyosikia wengine wanafanya. Zilizopasuka vizuri zilikuwa chache. Nyingine zilivunjika, vichwa vikaanguka sakafuni, nikatambaa kuviokota kabla mtoto hajavitia mdomoni. Kiberiti kile kiliisha upesi kuliko vyote, na maduka yalifungwa mapema kwa sababu ya kafyu, hakuna ruhusa ya kutoka usiku, kwa hiyo ukiishiwa jioni umeishiwa. Tulilala na giza. Mume wangu akakohoa. Kutoka ng'ambo ya ukuta jirani akamwambia pole.

Kuna jambo moja ambalo nililiweza, na nitalisema sasa kwa sababu lina kazi mbele. Nilijua kushona. Kola ya shati la mume wangu ilipochakaa pale inaposugua shingo, niliifumua, nikaigeuza upande uliokuwa umefichwa, nikaishona tena kwa mkono. Mwalimu wetu wa cherehani alikuwa akisema kola ikigeuzwa vizuri mvaaji mwenyewe asijue. Mume wangu hakujua. Alikaa miezi akilisifu duka la Mhindi alikonunua lile shati. "Hii ni nguo," anasema, akijitazama kwenye kioo. "Haichakai." Na mimi sikumwambia, kwa kiburi. Nilitaka agundue. Ubanaji wa mwenzangu ulikaa juu ya paa, watu wote wanauona. Wangu ulijificha shingoni mwa mtu asiyegeuka nyuma.

Mtu mmoja tu alijua. Mama Mapacha alinikuta nikiifumua, akatazama mpaka mwisho, na kesho yake akaniletea mashati mawili ya mumewe. "Na haya, mke mwenza." Nikayageuza. Sikuwa na sababu ya kukataa, na ninakiri nilifurahi kuona kuna kitu asichokijua.

Sasa kuhusu moto. Kwetu mtu akija mlangoni akaomba moto unampa. Humwulizi wa kwake umefanya nini. Kumnyima mtu moto ni kumwambia jiko lako liwe baridi, na hakuna anayesema maneno hayo kwa mtu anayemsalimia. Mume wangu akiwa na zamu ya asubuhi, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuamka landhi nzima. Nawasha njiti, ya kwanza inazimwa na upepo, nawasha ya pili, naishika kwenye gunzi la mahindi nililolichovya mafuta ya taa, napuliza hadi macho yanatoka machozi, makaa yanashika, chai inachemka, mume anakunywa, anaondoka. Na hapo, kila siku, Mama Mapacha huyo na kigae cha chungu kilichovunjika.

"Hodi, mke mwenza. Nipe moto."

Nampa. Makaa mawili, matatu, mekundu. Anashukuru, anaondoka mbio mbio akikinga upepo kwa kiganja. Mwaka mzima. Na mimi msomi, niliyefundishwa hesabu za sehemu na asilimia, sikuona chochote.

Nilikuja kuona siku ya mvua ya mawe. Alikwenda kutoa nguo kambani na kuniomba niwaangalie mapacha. Nikakaa kitandani kwake na mtoto wangu, na mtoto akaanza kulia, anataka kitu cha kuchezea. Kwenye rafu, karibu na kopo la chumvi, palikuwa na kiberiti. Nikakichukua nimtikisie. Hakikutoa sauti. Kiberiti kikiwa kimejaa hakilii, njiti zimebanana. Nikakigeuza ubavuni, pale mtu anapokwaruzia. Pote palikuwa peusi, laini, hapana hata mkwaruzo mmoja.

Nilikishika vile kwa muda mrefu. Mapacha wakanitazama. Mmoja akasema, "Mama alikataza kuguswa."

"Hajawahi kukiwasha?" nikamuuliza.

"Sisi tunaomba moto," akasema, kama mtu anayemwambia mgeni jina la mahali.

Kile kiberiti cha Krismasi, kilichofanya nichekwe mbele ya wanaume, kilikuwa kimejaa kwa sababu changu kilikuwa kitupu. Akiba yake yote ilikuwa ndani ya jiko langu. Mimi ndiye niliyekuwa nikikwaruza, mimi nikipuliza, mimi nikitoa machozi, yeye akisifiwa. Alipoingia na nguo zilizolowa nilikuwa nimekirudisha mahali pake. Nikamwambia mvua imepungua, nikaenda kwangu nikipita katikati ya hiyo mvua.

Sikumnyima moto. Heshima hiyo nilibaki nayo. Nilichofanya ni kutouwasha. Juma lile mume wangu alikuwa na zamu ya mchana, hakuna aliyenikimbiza. Basi nikalala macho wazi, najisikiliza nikipumua, nangoja mwenzangu akwaruze cha kwake. Na yeye, ng'ambo ya ukuta, nikamsikia ameamka, kitanda kimelia, kisha kimya. Ananisikiliza. Wanawake wawili wazima, kila mmoja amelala chali anangoja mwenzake awashe. Jua likatoka, mtoto wangu akaanza kulilia uji, nikashindwa. Nikakwaruza. Kigae kikafika kabla sijaweka sufuria.

"Leo umechelewa, mke mwenza. Ni usingizi?"

Siku ya pili hivyo. Ya tatu hivyo. Watoto wake walikuwa wakubwa, wangeweza kungoja, wangu hangeweza, na hilo pia nikamwonea wivu.

Jumatatu mume wangu akarudi zamu ya asubuhi. Niliamua sitaamka. Nilikuwa nimefika mahali ambapo mtu anajua anakosea na mguu unaendelea kwenda. Akaamka gizani, akavaa, akatazama jiko.

"Moto?"

"Sijisikii vizuri," nikasema nikiwa nimegeukia ukuta.

Akatafuta kiberiti chetu. Nilikuwa nimekificha chini ya godoro, nimekilalia. Akachukua sinia yetu mbovu, akatoka nje. Nikamsikia mlango wa pili.

"Hodi, shemeji. Nisaidie moto, wetu haukuwashwa."

"Karibu. Na mimi sina, shemeji. Ngoja."

Kimya. Halafu nikaisikia. Kwaruu. Mara moja tu, njiti ikashika. Hata kukwaruza alikuwa hodari kuliko mimi.

Kiberiti alichomnyima mume wake, akawanyima watoto wake, akakiweka tangu Krismasi bila kukigusa, alikikwaruza kwa ajili ya mume wangu.

Nikaendelea kulala pale pale, juu ya kiberiti changu. Nikasikia makaa yakipulizwa. Nikasikia kikombe. Kisha harufu ikapita ukutani, na haikuwa chai ya rangi ambayo mapacha wake walinyweshwa siku zote. Ilikuwa chai ya maziwa. Mume wangu alirudi kuchukua kofia yake akipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Shemeji amenipa chai," akasema. Akatoka.

Mchana aliporudi hakugombana. Ningependa angegombana. Alikaa kitandani, akafungua Biblia, akatoa pasi na kuandika tarehe kwa kalamu ya risasi: Jumatatu iliyofuata. Akaitia mfukoni.

"Mvua imekaribia," akasema. "Mama peke yake hawezi shamba lote."

"Ni kwa sababu ya chai moja?"

"Ni kwa sababu mji umekushinda. Mwanamke anayelala mume akienda kazini na njaa, huyo mji umemshinda."

Siku zile tano nilifunga mizigo polepole na kumchukia jirani haraka. Alipokuja na kigae nilimpa makaa, bila neno. Aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia naumwa. Akaniletea fungu la kunde. Nikazipika, kwa kuwa hakukuwa na kingine.

Jumamosi mume wake akafika kutoka Longonot, vumbi hadi kwenye kope. Wanaume wakakaa kibarazani. Mume wangu akamweleza, kwa sauti ya mtu anayesema habari za kawaida, kwamba Jumatatu tunasafiri, mimi na mtoto. Mama Mapacha alikuwa akimenya viazi, kisu chake kinapita chini ya ganda tu, ganda jembamba, ukiliweka juu ya gazeti unasoma. Kisu kikasimama.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Niliingia ndani kwangu nikachukua kiberiti changu. Niliingia kwake bila hodi, nikachukua chake. Nikaviweka vyote viwili sakafuni mbele ya wanaume, ubavu juu.

"Tazameni," nikasema. "Hiki changu, kimekwaruzwa mpaka karatasi inaonekana. Hiki chake, kina mkwaruzo mmoja. Mmoja! Na huo mmoja ulikuwa chai ya mume wangu. Mwaka mzima mnamsifu kwa kiberiti. Hana kiberiti huyu. Kiberiti chake ni mimi!"

Mume wake akakiokota cha kwao, akakigeuza. Akamtazama mkewe. "Ni kweli?"

Nilitegemea angekana. Ningemmaliza.

"Si ni kweli," Mama Mapacha akasema, akaendelea kumenya. "Anaamka mapema. Moto upo. Niwashe mwingine wa nini?"

Yule bwana akaanza kucheka, akacheka hadi akashika mbavu. Mume wangu hakucheka.

"Na wewe," Mama Mapacha akaniambia, bila hasira, jambo lililoniudhi zaidi, "mboga unanunua wapi?"

Nikaokota kiberiti changu.

"Nakuuliza. Sokoni umekwenda lini kununua mboga? Zile kunde unazochuma pale mtaroni nikiwa nimelala mchana, unadhani sizioni zikipungua? Na mtoto huyu, ukienda kuteka maji, analala mgongoni kwa nani?" Kisha akamgeukia mume wangu, akanyoosha kisu. "Na wewe, shemeji, kabla hujapeleka mtu kwao, vua shati."

"Nini?"

"Vua. Geuza hiyo kola."

Mume wangu akalishika shati shingoni kama mtu anayetaka kuibiwa. Mume wa Mama Mapacha akasogea, akaifunua kola kwa kidole, akaichungulia chini, akapiga mluzi. "Bwana. Hii imegeuzwa kama yangu."

"Haijageuzwa. Ni shati zuri tu, la—"

"La Mhindi," Mama Mapacha akamalizia. "Tumechoka na huyo Mhindi. Ni mke wako. Aligeuza yako, akageuza mbili za huyu. Ukimrudisha, mimi kola nitampelekea nani? Fundi wa mtaani anataka pesa. Na moto nitaomba kwa nani? Hao wa mlango ule," akaonyesha chumba cha wanaume watatu, "wanaamka saa mbili, tena wanawasha kwa gazeti."

Mume wangu akapitisha kidole chini ya kola, polepole, akitafuta mshono. Hakuupata. Nilishona vizuri.

"Mbona hukuniambia?" akaniuliza.

"Mbona hukutazama?" nikamjibu.

Mama Mapacha akacheka kwa pua.

"Haya," mume wangu akasema mwishowe, si kwangu, kwa yule ndugu yake mkubwa. "Tuone mpaka mvua nyingine." Hiyo ndiyo iliyokuwa hukumu. Akaichukua pasi kutoka mfukoni, akairudisha ndani ya Biblia, na tarehe yake.

Watu watasema ningemshukuru Mama Mapacha. Nimejaribu, haitoki. Maneno yaliyonibakiza mjini hayakutoka kwa mume wangu, wala kwangu mimi niliyesomeshwa kusema. Yalitoka kwa mwanamke aliyehesabu nitamfaa kiasi gani, akaona hasara. Alinitetea vile anavyotetea kipande cha sabuni dhidi ya kunguru. Kapu juu, jiwe juu yake. Na alikuwa na haki juu ya zile kunde, na nilikuwa nimejidanganya kwamba haoni. Mtu asiye na haki unaweza kumsahau. Huyu siwezi.

Jumatatu asubuhi, siku iliyokuwa imeandikwa, nilimsikia akiamka. Kitanda kikalia. Akangoja. Mimi pia nikangoja. Kisha, sijui ni kwa nini, labda alinionea huruma, labda alijua mume wangu anasikiliza: kwaruu. Mara moja tu.

Nikaondoka kitandani. Kigae sikuwa nacho, sijawahi kuhitaji. Nikafungua Biblia, nikaitoa pasi, nikaisokota iwe nyembamba, nikatoka nje kwenye baridi, nikasimama kwenye kibaraza chake.

"Hodi, mke mwenza," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwangu. "Nipe moto."

Akasogea pembeni. Nikachovya ncha ya karatasi kwenye makaa yake, muhuri ukajikunja, ukawa mweusi, ukashika. Ilikuwa karatasi ngumu, ikawaka vizuri. Nikageuka niende mbio kabla haijafika vidoleni, na nyuma yangu nikamsikia akiguna kwa masikitiko.

"Karatasi nzuri hivyo unaichoma! Si ungefungia chumvi?"

Nilifika jikoni kwangu moto ukiwa umekaribia kucha zangu. Nikawasha. Na nilipokuwa nikipuliza, mtoto mgongoni, macho yakitoka machozi, kilichoniuma ni kwamba hilo la chumvi sikuwa nimelifikiria.